Protini haitulii, ndo maana tunaisikiliza

Haya jamani tuanze, wa nyuma mnanisikia? Poa. Kwanza tangazo, baadae tukishuka kuona mashine ya NMR, yani sumaku kubwa tunayosikilizia protini, mtaacha simu, funguo na kadi za benki hapa mezani, na kama kuna aliyewekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asishuke kabisa, tutabaki nae huku juu tupige stori. Ile sumaku hatuizimi jioni, inavuta usiku na mchana, koili yake imezama kwenye heliamu kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri, na nguvu yake ni tesla 14.1, yani zaidi ya mara laki mbili ya usumaku wa dunia.

Sasa ya nini yote hiyo? Mnaijua ile pia ya kuzungusha wanayochezea watoto, ikianza kuchoka inayumbayumba. Kiini cha haidrojeni ndani ya sumaku yetu kinayumba hivyohivyo mara milioni 600 kwa sekunde, tunakigonga na mawimbi ya redio alafu tunanyamaza tusikie kinajibu nini. Utamu uko hapa: kila haidrojeni kwenye protini inajibu kwa sauti yake, kutegemea imekaa na majirani gani, tofauti ni sehemu chache tu kwa milioni lakini inatosha kujua nani kakaa wapi.

Shida ni kwamba sauti yenyewe hafifu balaa. Kwenye protoni laki moja, yani hivyo viini vya haidrojeni, karibu nusu zinaelekea huku na nusu kule, zinafutana, zinazozidi upande mmoja ni kama tano hivi, na hizo tano ndo zinatupa kazi sote. Kwahiyo tunarudia kipimo kilekile mara mia, mara elfu, tunajumlisha, na watu wanalala maabara.

Historia sitakaa nayo, wanafizikia Bloch na Purcell walilipata jambo hili Marekani, kila mmoja na kundi lake, wakalitangaza 1946, na mwanakemia Wüthrich akapewa Nobel 2002 kwa kuonyesha umbo la protini linapatikana ikiwa ndani ya maji.

Kazi kubwa ni sampuli. Naitrojeni tunayoitaka, ile ya uzito 15, kwenye asili haifiki hata asilimia nusu, basi tunawalisha bakteria hiyohiyo tu, wakitutengenezea protini inakuwa nayo kila kona. Tukipima tunapata kama ramani yenye madoa, karibu kila asidi amino, yani kila tofali linalojenga protini, na doa lake, isipokuwa prolini maana yenyewe haina ile haidrojeni ya kushikana na naitrojeni tunayoitafuta. Alafu unadondoshea dawa humo, unapima tena. Madoa mengi yako palepale, machache yamehama, basi unajua dawa imegusa sehemu gani au imetikisa wapi.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuja kanyong'onyea, madoa sita hayaonekani, anasema sampuli imeharibika naomba nianze upya. Nikamwambia tulia kwanza, angalia hayo sita yanatoka wapi kwenye protini. Yote yalikuwa kwenye kile kimfuniko juu ya tundu ambako kemia inafanyika! Kimfuniko kinafunga na kufunguka, kwa kasi mbaya kwetu, mara elfu chache kwa sekunde, ndo maana madoa yanatanuka mpaka yanapotea. Kwahiyo kutokuonekana kwake ndo ilikuwa habari yenyewe, na imemlia miaka miwili sasa.

Naam, swali pale. Eti kompyuta siku hizi inakisia umbo la protini kwa dakika, nyie mnabaki na nini? Swali zuri na mimi mwenyewe naitumia hiyo kompyuta karibu kila wiki, tena walioitengeneza walichukua Nobel 2024 na walistahili. Ila inakupa protini imekaa pozi la picha. Kile kimfuniko kwenye umbo la kompyuta kimefungwa, basi, haikuambii kinafunguka mara ngapi wala dawa inaingia saa ngapi. Hiyo mpaka uketi uisikilize. Haya, simu mezani, tunashuka watano watano.