Faili za guka: ni Kew au ni Moi Avenue?

Hamjambo watu wa Nairobi. Swali ni lile lile, hata chini ya video ya chapati: "Wewe si uko London, tuangalizie faili ya guka (babu)." Nikijibu najigamba, nikinyamaza nimesahau kwetu. Basi najibu, lakini haya ni maoni yangu tu. Kila familia na njia yake.

Faili mnazozisikia ni za serikali ya kikoloni ya Kenya. Ziko Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza hapa London, zinaitwa FCO 141. Zilitolewa Nairobi mwaka wa uhuru, 1963, zikafichwa Hanslope Park, kituo cha wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali hiyo ilipozifichua mwaka 2011. Nyingine zilichomwa, na amri ilitaka hata majivu yapondwe. Faili iliyogongwa muhuri wa W ilishikwa na afisa Mwingereza mwenye asili ya Ulaya tu. Mna mambo ya wakubwa humo: sera, barua za serikali, kambi. Jina la guka wako? Nadra sana.

Kuingia Kew ni bure, kadi ya msomaji bure, kupiga picha kwa simu yako bure. Sasa huyo dalali anayewatoza "ada ya faili" anailipa wapi? Kinachosumbua ni makaratasi: wanataka kitambulisho cha jina na kingine cha anwani, na taarifa zetu za benki mara nyingi zina sanduku la posta tu. Soma orodha yao kabla hujakata tiketi. Agiza faili mtandaoni mapema. Beba penseli, kalamu ya wino haiingii. Jumatatu hawafungui.

Ningekuwa nyinyi ningeanza na Nyaraka za Taifa za Kenya hapo Moi Avenue, kwenye ripoti za mwaka za DC (mkuu wa wilaya wa kikoloni). Tafuta kwa majina ya kikoloni: Fort Hall, si Murang'a. Thomson's Falls, si Nyahururu. Ng'ang'a mtafute pia kama Nganga, maana karani Mzungu hakuhangaika na ng' yetu.

Na fidia, jamani. Zile pauni milioni 19.9 ambazo Uingereza ilikubali kuwalipa wazee wa Mau Mau 2013 zilikuwa za walalamishi 5,228, gharama za mawakili zikiwa humo humo. Kesi iliyofuata, ya watu zaidi ya 40,000, ilitupwa London mwaka 2018 kwa sababu muda ulikuwa umepita mno. Kwa hiyo anayepita mtaani akiandikisha majina ya wazee na kuchukua nakala za vitambulisho, muulizeni kwanza ni kesi namba ngapi, na iko mahakama gani.