Detroit Baada ya Verlander: Timu ya Besiboli Inavyojisuka Upya

Ndugu makocha, viongozi wa vilabu na wapenzi wa michezo, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie jinsi timu inavyojisuka upya baada ya kuachana na nyota wake aliyekula chumvi nyingi. Sitazunguka Marekani nzima. Nitakaa mji mmoja, Detroit, katika jimbo la Michigan, na timu moja ya besiboli, Tigers. Mle mna uamuzi mgumu uliokuwa sahihi, mna miaka iliyopotea bure, na mna mafanikio yaliyotokea upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama.

Tuanze na usiku wa tarehe 31 Agosti 2017. Kwa kanuni za wakati ule, mchezaji aliyehamia timu nyingine baada ya saa sita ya usiku huo hakuruhusiwa kucheza mtoano wa mwisho wa msimu. Justin Verlander, mrushaji wa Tigers, alikuwa na umri wa miaka 34 na alikuwa na haki ya kukataa kuhamishwa. Akakubali dakika za mwisho kabisa, na makaratasi yakakamilika zikiwa zimebaki sekunde chache. Houston Astros wakampata. Detroit wakapokea vijana watatu: mrushaji Franklin Pérez, mchezaji wa uwanja wa nje Daz Cameron, na mdakaji, yaani anayeipokea mipira ya mrushaji, Jake Rogers. Siku hiyohiyo Justin Upton alipelekwa Los Angeles Angels, na mwezi uliotangulia J.D. Martinez alikwisha kwenda Arizona. Nyumba ilikuwa inahamishwa chumba kwa chumba.

Kwa wale wasioufuata mchezo huu, niseme kwanza mrushaji ni nani. Ndiye anayesimama katikati ya uwanja, mita 18 na kidogo kutoka kwa mpigaji, na kila tukio la mchezo linaanzia mkononi mwake. Akiwa na siku nzuri, wenzake wanaweza kupata pointi mbili tu na bado wakashinda. Verlander alichaguliwa na Detroit mwaka 2004, akiwa wa pili katika vijana wote wa mwaka ule. Mwaka 2006 akawa mchezaji chipukizi bora wa ligi yake (ligi kuu ina ligi mbili ndani yake, na mabingwa wa kila moja ndio hukutana fainali), na timu ikafika fainali. Mwaka 2011 alishinda mechi 24 na kupoteza 5, akawang'oa wapigaji 250 kwa straiki tatu, yaani mirusho mizuri waliyoshindwa kuipiga, na akabeba tuzo mbili kwa mpigo: Cy Young, ya mrushaji bora, na ile ya mchezaji bora wa ligi, ambayo warushaji huipata kwa nadra sana. Alikuwa na uwezo wa kufika kipindi cha tisa, ambacho kwa kawaida ndicho cha mwisho, wakati wengine wamekwisha kuchoka, na bado akaurusha mpira kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Aliondoka Detroit akiwa na ushindi 183. Mtoto aliyezaliwa alipoanza kazi alikuwa amefika darasa la sita, naye hajaijua timu nyingine isiyo na Verlander.

Sasa kwa nini wamwache mtu kama huyo? Mmiliki wa timu, Mike Ilitch, tajiri wa pitsa za Little Caesars, alitamani ubingwa mmoja kabla hajafa. Alimwaga fedha bila kuhesabu. Walifika fainali mwaka 2006 wakafungwa na St. Louis, wakafika tena mwaka 2012 wakapigwa mechi nne kwa bila na San Francisco. Ilitch alifariki Februari 2017 bila kuuona ubingwa huo kwenye besiboli. Aliacha kikosi cha wazee chenye mishahara ya karibu dola milioni 200 kwa mwaka, na ghala la vijana likiwa tupu, kwa sababu vijana wote wenye thamani walikuwa wametolewa kununua wazee hao. Verlander peke yake alikuwa anadai dola milioni 28 kwa kila mwaka hadi 2019, na hata alipoondoka Detroit walikubali kuendelea kulipa sehemu ya fedha hizo.

Alipofika Houston alicheza mechi tano za Septemba akashinda zote tano. Akawa mchezaji bora wa fainali ya ligi yao, kisha wakachukua ubingwa. Baadaye akaongeza tuzo nyingine mbili za Cy Young, 2019 na 2022. Watu wa Detroit walimtazama kwenye televisheni wakajiuliza kama viongozi wao wana akili.

Mimi nasema uamuzi ule ulikuwa sahihi, na nausimamia. Mchezaji wa miaka 34 ana misimu michache iliyobaki, na anaitaka iwe ya kugombea kikombe. Timu iliyokwisha kuporomoka inahitaji miaka mitano, sita. Kalenda hizo mbili haziwezi kuishi nyumba moja. Angebaki Detroit mwaka 2018, angeshinda mechi zake kumi na tano huku timu ikipoteza tisini na tano, na pande zote mbili zingetoka na uchungu. Kumwachia mkongwe aende kugombea ubingwa wakati bado ana nguvu ni heshima pia. Mashabiki wengi hulichelewa jambo hilo, na viongozi wengi huliogopa.

Kosa la Detroit lilikuja baadaye, na hapa naomba tukae kidogo.

Ligi kuu ya besiboli ya Marekani haina kushuka daraja. Timu ikishika mkia, mwaka unaofuata bado ni timu ya ligi kuu, na mapato ya televisheni yanaingia. Zaidi ya hapo, wakati ule timu iliyofanya vibaya kuliko zote ndiyo iliyochagua kwanza katika drafti, yaani mchakato wa kugawana vijana wapya wanaotoka shuleni na vyuoni. Kwa hiyo kufungwa kulikuwa na malipo. Houston wenyewe walikuwa wamepita njia hiyo: walipoteza mechi 106 mwaka 2011, 107 mwaka 2012, na 111 mwaka 2013. Kisha mwaka 2017 wakawa mabingwa. Kila timu iliyokuwa imelala ikatazama pale na kusema, kumbe ndivyo inavyofanyika.

Detroit wakaiga. Walipoteza mechi 98 mwaka 2017, 98 tena mwaka 2018, na 114 mwaka 2019. Mwaka huo wa 2019, watazamaji waliofika uwanja wa Comerica Park msimu mzima walikuwa milioni 1.5, wakati mwaka 2013 walizidi milioni 3. Nusu ya watu walikuwa wamekaa nyumbani, na siwalaumu.

Lakini waliiga kile kinachoonekana kwa nje. Ni kweli Houston walimpata Carlos Correa kama chaguo la kwanza la mwaka 2012. Mwaka uliofuata walichagua tena wa kwanza, wakamchukua mrushaji Mark Appel, na hakuwasaidia chochote. Moyo wa timu yao ulikuwa José Altuve, kijana mfupi kutoka Maracay, Venezuela, ambaye kwanza alirudishwa nyumbani kwenye majaribio kwa sababu ya kimo chake, kisha akasajiliwa kwa dola 15,000. Dallas Keuchel, mrushaji aliyeshinda Cy Young mwaka 2015, alichaguliwa raundi ya saba. Houston walikuwa wamejifunza kufundisha: kumchukua mtu wa kawaida na kumwonyesha namna ya kuwa bora zaidi. Kufungwa mechi 111 kulikuwa moshi tu, na Detroit wakadhani moshi ndio unaopika.

Tazameni wale vijana watatu waliotolewa kwa Verlander. Pérez, aliyehesabiwa kuwa ndiye hazina, aliandamwa na majeraha na hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Cameron alicheza mechi chache, akaachwa mwaka 2022. Rogers peke yake ndiye aliyebaki. Wakati huohuo mwaka 2018, wakiwa na chaguo la kwanza la nchi nzima, Detroit walimchukua mrushaji Casey Mize na kumlipa dola milioni 7.5 za kusaini. Raundi ya tisa ya drafti hiyohiyo, baada ya vijana 254 kwisha kuchaguliwa, wakamchukua Tarik Skubal wa Chuo Kikuu cha Seattle, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko, kwa dola 350,000. Mtajua mbele kidogo kwa nini nimelitaja jina hilo.

Kulikuwa na nyota wa pili aliyezeeka ambaye hakuondoka. Miguel Cabrera wa Venezuela, mmoja wa wapigaji wakubwa wa zama zetu, alikuwa na mkataba wa dola milioni 248 hadi mwisho wa 2023, na hakuna timu iliyokuwa tayari kuubeba. Wachambuzi waliuita mzigo. Kwa hesabu za fedha, sawa, ulikuwa mzigo. Lakini Agosti 2021 alipiga hom rani yake ya 500, yaani pigo linaloutoa mpira nje ya uwanja, na Aprili 2022, mbele ya watu wa Detroit wenyewe, akafikisha mapigo 3,000 yaliyofanikiwa. Katika miaka ambayo timu haikuwa na lolote la kumfanya baba amchukue mwanawe uwanjani, Cabrera alikuwepo. Nadhani viongozi wanaosuka timu upya huisahau hesabu hii. Wakongwe wote wakiondoka siku moja, vijana wanaingia kwenye chumba kisicho na mtu wa kuwaonyesha mambo yanavyokwenda, na jukwaa linabaki bila wimbo. Sioni mgongano kati ya kumwachia Verlander na kumbakiza Cabrera. Mmoja alikuwa bado na vikombe vya kugombea kwingine, na mwingine alikuwa amekwisha kuwa wa mji ule.

Mwishoni mwa 2021 uvumilivu ukaisha. Viongozi wakaona wamefika, wakampa Javier Báez miaka sita na dola milioni 140. Timu ikapoteza mechi 96 mwaka 2022, na Agosti hiyo meneja mkuu, Al Avila, akafukuzwa. Nafasi yake akapewa Scott Harris kutoka San Francisco, kijana wa miaka thelathini na kitu.

Nimtendee haki Avila. Skubal, Riley Greene na Kerry Carpenter, ambaye huyo alipatikana raundi ya 19, wote walichaguliwa wakati wake. Hata kocha wa timu, A.J. Hinch, na kocha wa warushaji, Chris Fetter, aliyetoka Chuo Kikuu cha Michigan, waliajiriwa naye mwishoni mwa 2020. Hinch ndiye aliyekuwa akiiongoza Houston mwaka 2017, akafungiwa mwaka mzima kwa ile kashfa ya timu yake kuiba ishara za wapinzani kwa kamera. Avila alipanda, wengine wakavuna, na michezo imejaa watu wa namna yake.

Kilichobadilika chini ya Harris ni mambo yasiyotangazwa magazetini. Wapigaji walifundishwa kuacha mipira mibaya na kungoja mizuri. Warushaji walifundishwa kutoiogopa straiki. Spencer Torkelson, chaguo la kwanza la 2020, alipokosa makali mwaka 2024, walimrudisha ligi ndogo, wanakokuzwa vijana, bila kuangalia jina lake wala fedha alizolipwa, akakaa miezi miwili na zaidi, akarudi. Mwaka 2025 alipiga hom rani 31. Mtu kama huyo, kwenye klabu yenye haya, angeachwa aendelee kuzama mbele ya watu.

Tarehe 10 Agosti 2024 Tigers walikuwa wameshinda mechi 55 na kupoteza 63. Walikuwa wamemwachia mrushaji wao wa pili kwa ubora, Jack Flaherty, kwenda Los Angeles Dodgers. Kila mtu alihesabu msimu umekwisha. Kisha wakashinda 31 kati ya 44 zilizobaki, wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2014. Na mtoano ukawapeleka wapi? Houston.

Siku ile alisimama Skubal, yule wa raundi ya tisa, ambaye msimu huo alishinda mechi 18, akapoteza 4, na baadaye akapewa Cy Young kwa kura zote. Aliyekuwa akiidaka mipira yake ni Jake Rogers, mabaki ya ule mkataba wa saa sita usiku. Hinch alikuwa benchi la wageni katika mji aliouongoza. Skubal alirusha vipindi sita bila kuruhusu pointi, wakashinda 3 kwa 1, na kesho yake wakamaliza kazi 5 kwa 2. Verlander mwenyewe, miaka 41, alikuwa amerudi Houston, lakini baada ya msimu wa majeraha hakuwekwa hata kwenye orodha ya wachezaji wa raundi ile.

Hawakuchukua ubingwa. Cleveland waliwatoa katika mechi ya tano, na mwaka 2025 Seattle wakawatoa vilevile mechi ya tano, baada ya vipindi 15. Msisikie kutoka kwangu kwamba Detroit wamefika. Miaka saba ni mingi, na naamini mitatu au minne kati yake haikuwa ya lazima; ilitumika kungoja drafti ifanye kazi ya makocha. Ligi yenyewe imeona ubaya wa mtindo huo. Tangu Desemba 2022 nafasi sita za kwanza za drafti zinaamuliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo kushika mkia hakukuhakikishii tena chochote.

Nililetewa swali kabla ya kuingia humu: mkataba wa Skubal na Detroit unaishia mwisho wa msimu wa 2026, je, wamwachie kama walivyomwachia Verlander? Jibu langu ni hapana, na sababu ni ileile iliyonifanya nikubali lile la kwanza. Mwaka 2017 timu ilikuwa inakufa na nyota alikuwa anazeeka. Sasa timu iko hai, na Skubal hajafika miaka 30. Wamlipe, hata kama itauma. Wakisema fedha hazipo, mimi nitawakumbusha zile milioni 140.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Naona mikono imekwisha kunyanyuliwa kule nyuma. Tuanze na dada mwenye daftari.