Sumbu Kalambay mbele ya wafalme wa nyakati nyingine

Bandugu, wazee wetu, makocha, na ninyi vijana mnaofanya mazoezi katika mitaa yetu ya Katuba na Kenya, jambo yenu.

Ngumi zikizungumzwa hapa Lubumbashi, ubishi hauishi: Ali angempiga Tyson? Foreman angempiga nani? Leo naacha uzito wa juu. Nawaletea mtu aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1956, ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville: Sumbu Kalambay. Alihamia Italia, akaanza ngumi za kulipwa mwaka 1980, na tarehe 23 Oktoba 1987, mjini Livorno, alimshinda Mmarekani Iran Barkley kwa pointi, akatwaa mkanda wa WBA, Chama cha Ngumi cha Dunia, wa uzito wa kati. Inaniuma kwamba vijana wetu wanamjua Marvin Hagler wa Marekani, wanamjua Gennady Golovkin wa Kazakhstan, na huyu wa kwao hawamjui. Basi tumpandishe ulingoni na hao wakubwa tuone.

Lakini tutampima kwa kipimo gani? Mwaka 1969 Muhammad Ali na Rocky Marciano, aliyestaafu bila kupoteza hata pambano moja kati ya 49, waliingia studio wakapigana kwa kuigiza mbele ya kamera, na kompyuta ikaambiwa iamue. Filamu ikatoka mwaka 1970. Wamarekani walimwona Marciano akishinda kwa KO, yaani kumlaza mwenzake asiinuke, raundi ya 13. Uingereza walionyeshwa mwisho mwingine, mshindi akiwa Ali. Kwa hiyo mashine tuiweke pembeni.

Kuna na hesabu ile ya vijiweni: huyu kampiga yule, yule kampiga fulani, basi huyu ni mkubwa wa wote. Sikilizeni inavyovunjika. Kalambay alimpiga Mike McCallum. Michael Nunn akampiga Kalambay. James Toney akampiga Nunn kwa KO, Mei 1991. Desemba mwaka huohuo, Toney akatoka sare na McCallum. Mmezunguka mmerudi mlipoanzia.

Mimi namwangalia bondia kwa aina ya watu waliomsumbua na aina ya watu aliowasumbua yeye. Umri wa dunia unabadilika, lakini mtu anayesonga mbele na kukata ulingo, yaani kukuzibia njia za kutokea, ni yuleyule, wa 1950 au wa leo.

Sasa tazameni usiku wa tarehe 5 Machi 1988, mjini Pesaro. McCallum, Mjamaika, alikuja bila kupoteza pambano hata moja. Alikuwa fundi wa kupiga mbavu na ini; aliwavunja watu wazima polepole. Kalambay hakumkimbia. Alisimama karibu kiasi cha kumshawishi, akarusha mkono wa kushoto usoni mara mbili, mara tatu, akageuza bega na kutoka kwa pembeni, na McCallum alipokosa alikutana na mkono wa kulia ulionyooka. Raundi 12 za namna hiyo. Kijana anayetaka kujifunza ngumi ya kujibu, atafute pambano hilo kabla ya kutafuta KO yoyote. Na kwa mabondia wa mashoto, wanaosimama na mkono wa kulia mbele, alimshinda Herol Graham kwao Uingereza, mjini London, mwaka 1987, Graham ambaye watu walishindwa hata kumgusa.

Upande wa pili nao lazima tuuseme. Tarehe 25 Machi 1989, Las Vegas, Nunn alimlaza kwa ngumi moja ya kushoto. Sekunde 88 tu zilikuwa zimepita. Nunn alikuwa wa mashoto, mrefu, mwepesi. Watu wengi wa nje wanamkumbuka Kalambay kwa sekunde hizo 88 tu, na hiyo si haki. Hata hivyo usiku ule unatufundisha hatari yake iko wapi: mtu mrefu anayefika kabla Kalambay hajapata nafasi ya kumsoma.

Ndiyo sababu Carlos Monzón namwogopa. Muargentina huyo alipigana mara 100, akapoteza 3 tu, zote kabla ya 1965. Alishika taji kuanzia Novemba 1970 mpaka alipostaafu mwaka 1977, akilitetea mara 14. Alikuwa mrefu, hakuwa na haraka, mkono wake wa mbele uliwasimamisha watu mbali na ule wa kulia ulifuata. Halafu enzi zake taji lilipiganiwa raundi 15. Zilianza kupunguzwa kuwa 12 baada ya Mkorea Duk Koo Kim kufa kufuatia pambano lake na Ray Mancini, Novemba 1982. Raundi zile 3 za mwisho zilikuwa chakula cha Monzón. Nampa yeye, kwa pointi, bila ubishi.

Hagler ni habari nyingine. Novemba 1983 Roberto Durán, aliyetokea uzito mwepesi, alimfikisha raundi ya 15 kwa kumngoja na kumjibu. Hagler akasita, akawa anafikiria badala ya kupiga. Aprili 1987 Mmarekani Sugar Ray Leonard akamnyang'anya taji kwa raundi 12 za kuingia na kutoka. Kazi hiyo Kalambay aliijua. Kwa raundi 12 namwandika Kalambay. Kwa raundi 15 namwandika Hagler, maana Hagler hakuchoka.

Golovkin? Aliwalaza watu 23 mfululizo, mpaka Daniel Jacobs alipomaliza naye raundi 12, Machi 2017. Jacobs alianguka raundi ya 4, akainuka, akaendelea kubadilisha pembe, na akashindwa kwa tofauti ndogo sana. Kalambay alikuwa na mkono wa mbele bora kuliko wa Jacobs, na McCallum alishampa mtihani wa mtu anayesonga mbele kwa akili. Nasema Kalambay, kwa pointi, na makocha wanaotikisa kichwa pale mbele tutabishana baadaye.

Anabaki Sugar Ray Robinson, bingwa wa uzito huu mara 5. Tarehe 10 Julai 1951 alipoteza taji London kwa Randy Turpin, mtu mwenye mkono wa mbele mgumu na mwendo usioeleweka. Kwa hiyo Robinson aliyefika bila kumjua vizuri mpinzani, Kalambay angeweza kumshinda usiku mmoja. Ila Septemba 12 mwaka uleule Robinson alimrudia Turpin New York, akammaliza raundi ya 10. Pambano la kwanza naliacha wazi. La marudiano ni la Robinson.