Injini Kuukuu Inapovuta Moshi Wake

ZENA: Karibuni tena, tupo Kigoma, mwisho wa reli. Kaka Issa, ukishuka Kibirizi utakuta mashine kuukuu za boti, zile za kufungwa nyuma, zinaendeshwa bila kava. Ukiuliza, unajibiwa, "Ikivaa kava haipumui."

ISSA: Na kweli haipumui, dada. Ila mwenye kosa mara nyingi si kava.

ZENA: Hebu anza na njia ya hewa yenyewe.

ISSA: Nyingi za zamani ni za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili na petroli. Pistoni ikipanda, huku chini kwenye kasha la krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kunatokea mvuto. Vilimi vyembamba vya chuma vinafunguka, hewa inapita kwenye kabureta na kubeba petroli. Pistoni ikishuka vilimi vinajifunga, mchanganyiko unasukumwa kwenye silinda kupitia matundu ya pembeni. Hivyo hivyo kila mzunguko.

ZENA: Mbona sijawahi kuona chujio la hewa kama la pikipiki?

ISSA: Nyingi hazina. Ziwani vumbi litoke wapi? Ile ya Ole Evinrude, mmoja wa waanzilishi wa mashine hizi kule Milwaukee, Marekani, ya mwaka 1909, hata kava haikuwa nalo. Kava lilikuja baadaye, na ndipo yakahitajika matundu ya hewa, mara nyingi upande wa nyuma, maji yasirukie ndani.

ZENA: Vitundu vile vinatosha kweli?

ISSA: Vikiwa wazi, vinatosha. Petroli kilo 1 inataka hewa kilo 14.7 hivi. Lita moja tu ikiungua vizuri, zimekwenda karibu lita 10,000 za hewa.

ZENA: Eh! Halafu mtu anaziba kwa kitambaa eti mvua isiingie.

ISSA: Au mashine imelala stoo, dondora wamejenga humo kwa udongo. Chungulia kwa tochi kabla hujalaumu kabureta.

ZENA: Sasa matundu ni safi, lakini bila kava inanguruma, ukilirudisha inaanza kukohoa.

ISSA: Hapo ndipo penyewe! Inavuta moshi wake. Moshi ulitakiwa ushuke kwenye mguu, ile sehemu ya chini inayozama, utokee majini. Gasketi ikiungua pale injini inapokaa juu ya mguu, moshi unavujia ndani ya kava, na kabureta inaumeza. Moshi hauna oksijeni ya kutosha. Ukivua kava, unatawanyika na upepo, injini inapona, wewe unasema kava baya.

ZENA: Nitajuaje bila kufungua kila kitu?

ISSA: Pitisha kidole ndani ya kava, na chini ya silinda. Ukikuta masizi meusi yenye mafuta, fuata yanakotoka. Injini ikiwa imezimwa, jamani! Lile gurudumu la juu halina huruma na vidole.

ZENA: Na wanaonunua mashine Dar wakaileta huku?

ISSA: Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia 7 hivi. Petroli inazidi kidogo, plagi inakuwa nyeusi. Kabureta za zamani nyingi zina sindano ya kurekebisha petroli, unaikaza kidogo kidogo huku unasikiliza mlio.

ZENA: Msikilizaji wa Ujiji anasema yake inakwenda vizuri, ikifika mbali na ufukwe inazima, akisubiri inawaka tena.

ISSA: Aangalie mfuniko wa tangi. Petroli ikitoka lazima hewa iingie mahali pake, ile skrubu ya juu ikiwa imefungwa petroli inagoma kuja.

ZENA: Kwa hiyo afungue skrubu tu?

ISSA: Aulize kwanza ni tangi gani. Yale ya Johnson na Evinrude ya miaka ya 1950, yenye mpira wa njia mbili, ni kinyume: injini yenyewe inapeleka hewa kwenye tangi ili isukume petroli. Hayo mfuniko ukivuja hata kidogo, hamfiki.