Jinsi ya kupiga filamu ya mazombi kwa laki na nusu (na watu wasicheke)

Oya wadau karibuni tena, leo tunapiga filamu ya mazombi. Dakika kumi na mbili, simu moja, waigizaji sita, nyumba moja na laki na nusu mfukoni, na hapo nimeshahesabu wali maharage wa watu wote maana ukiwasahau kwenye msosi ikifika saa nane usiku wanageuka mazombi kweli.

Hatua ya kwanza, na hapa ntakaa sana, aliyekuja kwa ajili ya damu tu asogeze mbele. Kabla hujashika simu jiulize zombi wako ni nani. Sijasema anatembeaje, nimesema ni nani. Wengi wetu tukisikia zombi tunawaza mzungu kaoza anatafuta ubongo, kumbe neno limetoka Haiti, na wataalamu wengi wanalifuatilia mpaka kwenye lugha za Kongo walikotolewa watu wengi wakauzwa kule. Na zombi wa Haiti hali mtu kabisa. Ni mtu kafa, kazikwa, watu wamelia wamemaliza, kumbe mchawi kamfufua kamuweka shambani analima usiku na mchana, hasemi, hadai mshahara. Si unaona? Huyo ni msukule! Hadithi uliyopigwa na bibi ukashindwa kwenda chooni usiku, ndo hiyohiyo.

Sasa kwa nini watu wa Haiti waogope kitu kama hicho? Kwa sababu wazee wao walishakuwa watumwa kwenye mashamba ya miwa, kufa walikuwa wamezoea kukuona, kilichotisha ni kufa alafu ukaambiwa hujamaliza zamu. Marekani ikaja kuikalia Haiti kijeshi 1915 mpaka 1934, stori zikavuka bahari, na mwaka 1932 ikatoka White Zombie, filamu ya hela ndogo iliyopigwa siku chache tu. Mle kuna sini ya kiwanda cha sukari, mazombi wanasukuma kinu, mmoja anadondokea ndani, wenzake wanaendelea kuzunguka kama vile hakuna kitu. Hakuna damu hapo wala makelele ya kutisha, ni kinu tu kinalia. Mi hiyo sini imenikaa kichwani kuliko mazombi wote wanaokimbia wa siku hizi.

Kwaiyo chukua karatasi andika kitu kimoja unachokiogopa wewe, hapo ulipo. Sisi kwenye filamu yetu tuliandika: kaka karudi kutoka kwenye kazi ya mbali, kachoka mpaka hatumjui. Basi, zombi tayari unaye.

Hatua ya pili, lokesheni. Moja tu! Usinidanganye eti una sini ya Kariakoo na sini ya porini, nauli itakula filamu. Jifunze kwa George Romero na wenzake wa Pittsburgh, walikuwa wanapiga matangazo ya biashara, wakajichanga, wakatengeneza Night of the Living Dead ikatoka 1968 kwa kama dola 114,000, na kwa sinema za Marekani hizo ni hela za vocha. Walipata nyumba ya shambani iliyokuwa inasubiri kubomolewa, kwaiyo kupigilia misumari na kuvunja madirisha ruksa. We tafuta pagale, au nyumba ya shangazi ambaye anahama, ila muombe kabla, sio unampigia simu mlango ukiwa umeshatoka.

Alafu nyumba moja ina raha yake, inakulazimisha uandike ugomvi. Hiyo ni hatua ya tatu na ndo filamu yenyewe. Angalia ile ya Romero, mazombi wako nje wanajikokota, hawana haraka, ukiwa na akili unawapita. Ndani sasa! Ben anasema tubaki juu tuzibe milango, Harry anasema tushuke chini tujifungie, wanabishana usiku mzima nani mwenye nyumba, mpaka wanafikia kunyang'anyana bunduki na Ben anampiga risasi Harry. Mazombi wamekuja kumalizia tu. Kwaiyo skripti yako ukurasa wa kwanza usianze na zombi, anza na watu wawili wanaogombania kitu, ufunguo, maji, chaji ya simu, nani alale karibu na mlango. Zombi apige hodi wakiwa katikati ya maneno. Ukiona waigizaji wanaboa hapo ujue hata ukileta mazombi mia hawatakuokoa.

Haya damu. Chemsha unga wa ngano kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji mpaka uwe kama uji mwepesi, ongeza sukari ing'ae kidogo, uache upoe, tia rangi ya chakula nyekundu, alafu kakao robo kijiko, usiache kakao maana bila hiyo damu yako itakuwa juisi ya ubuyu. Ona hapa, hii haina kakao, hii inayo. Umeona? Wale wa 1968 walipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe wakatumia sharubati ya chokoleti ikapita vizuri tu, kwaiyo kama rangi inakushinda nenda kwenye editi toa rangi zote, na makosa ya taa yanajificha humohumo. Kidonda: tishu, gundi nyeupe ya shule, tabaka mbili, ikikauka chana katikati, poda, wanja pembeni. Usipake gundi karibu na macho wala kwa mtu mwenye ngozi inayowasha. Na usivae shati la kazini, mi nilivaa.

Hatua inayofuata sijui ni ya tano, majirani. Sikiliza kwa makini hii. Mara ya kwanza tulitoka saa tano usiku watu wanne wamelowa damu tunatembea tunayumba uchochoroni, mama mmoja akapiga kelele za mwizi, tulikimbia mpaka zombi mmoja akaacha kandambili. Uswahilini ukisikia mwizi hakuna anayeuliza skripti iko wapi. Kwaiyo nenda kwa mjumbe mchana, mweleze, wape watoto wa mtaa nafasi ya kuwa mazombi, wao ndo watawaambia wazazi wao. Na ukitaka kuionyesha hadharani au kuiuza, ya kibali kaulizie Bodi ya Filamu mapema.

Sauti pitia haraka: simu ya pili weka karibu na mwigizaji ndo irekodi, feni zima, jogoo huwezi kumzima, msubiri. Mlio wa kutafuna ni muwa. Kwa wingi wa mazombi piga haohao watu watatu kwa vipande, mkono, mguu, kivuli ukutani, mtazamaji atajihesabia mwenyewe.

Jina lako weka kwenye filamu. Hii nasema kwa uchungu wa watu wengine. Wale jamaa wa Romero walibadilisha jina la filamu yao dakika za mwisho, jina jipya likawekwa bila ile alama ya hakimiliki, na sheria ya Marekani kipindi kile ilikuwa kali, ikawa mali ya umma, kila mtu anauza kopi na hela hawazioni. Siku hizi sheria imelegea lakini jina weka, mwanzo na mwisho.

Sasa mwisho wa stori. Ben aliigizwa na Duane Jones, mtu mweusi, Romero alisema walimchukua kwa sababu ndo alifanya vizuri kwenye majaribio, nafasi haikuandikwa kwa mtu mweusi. Anapambana usiku kucha, kunakucha, msako wa raia wenye bunduki unafika, wanamuona dirishani wanadhani ni zombi, wanampiga risasi, wanamburuta na ndoano za nyama kwenda kuchomwa. Ilitoka Oktoba 1968, Martin Luther King, yule mpigania haki za watu weusi Marekani, kauawa Aprili mwaka huohuo. Hakuna mhusika anayetaja rangi ya mtu filamu nzima, na haikuhitajika. Kwaiyo na wewe usiandike hotuba, mtu wako asimame mlangoni aeleze eti sisi ndo mazombi, kata hiyo! Kwenye yetu kaka anakaa mezani, mama anampakulia, hali, mama anampakulia tena, simu inaita, ni bosi wake. Kaka anasimama. Kata.

Betri imebaki asilimia sita. Damu kwenye nguo ioshe na maji ya baridi leoleo, ukisubiri kesho haitoki, hilo shati langu mpaka leo nalalia.