Kuchagua kamshafti na giaboksi kwa Subaru ya turbo yenye EJ20, hatua kwa hatua

Karibuni watazamaji. Video hii ni ya mwenye Impreza au Forester yenye EJ20, injini ya lita 2, ya turbo, anayetaka kuiongeza nguvu na bado gari limrudishe nyumbani. EJ20 hii ina kamshafti nne (shafti zinazofungua valvu), mbili kila upande, kwa hiyo ukinunua zisizofaa hasara ni kubwa. Fuata mpangilio huu bila kuruka.

Hatua ya kwanza: usianze na kamshafti. Chukua karatasi uandike turbo uliyo nayo, busti utakayotumia (presha ya hewa turbo inayosukuma ndani ya injini), na mizunguko ya injini kwa dakika ambayo hutaipita. Kamshafti inafuata hayo matatu.

Kila kamshafti ina namba mbili za kuangalia: digrii ambazo valvu inakaa wazi, na milimita inazonyanyuliwa. Digrii zikiongezeka, kipindi ambacho valvu ya hewa na ya eksozi ziko wazi kwa pamoja nacho kinarefuka. Kwenye injini isiyo na turbo hilo lina faida. Kwenye turbo ndogo ni balaa, kwa sababu presha ya moshi kabla ya turbo mara nyingi huizidi busti yenyewe. Valvu zote mbili zikiwa wazi, moshi unarudi ndani ya silinda, unaipasha moto hewa mpya, na mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati. Hapo ndipo pistoni za EJ20 hupasuka kati ya ringi na ringi.

Pima, usikisie. Tazama hapa kwenye manifoldi ya eksozi: toboa kabla ya turbo, chomelea nati ndogo, funga bomba la shaba la kama nusu mita uliloviringisha ili joto lipungue, kisha mpira na geji. Endesha kwa mzigo hadi mizunguko ya juu, mwenzako akisoma geji mbili pamoja. Presha ya moshi ikipita mara moja na nusu ya busti, hela ya kamshafti peleka kwenye turbo na eksozi. Zikikaribiana, kamshafti itakulipa.

Kwa hiyo turbo ndogo ya TD04 inayokuja na WRX nyingi, yaani Impreza za turbo: acha kamshafti za kiwandani. Turbo ya kati, za kampuni ya IHI mfano wa VF30 kwenda juu: digrii 264 zinatosha. Digrii 272 ni za turbo kubwa na injini inayozungushwa hadi 8,000, na valvu springi mpya ni lazima. Unapolinganisha watengenezaji wawili, uliza digrii zimepimwa valvu ikiwa imenyanyuka milimita ngapi. Linganisha kwenye milimita 1. Namba kubwa ya kwenye boksi haikuambii kitu.

Walio Nairobi wasikilize hapa. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya kule ina presha ya takriban kPa 82. Mombasa au Dar es Salaam ni 101. Ili injini ipate kPa 200 kamili, yaani presha ya hewa ya nje ikijumlishwa na busti, turbo ya pwani inaikamua hewa mara mbili hivi, ya Nairobi mara 2.44. Turbo ya nyanda za juu inachelewa kuamka na inachoka mapema. Kama unasita kati ya 264 na 272 na unaishi nyanda za juu, chukua 264.

Injini yenye AVCS, yaani inayosogeza kamshafti ya hewa yenyewe, ina tahadhari yake: ramani ya AVCS ya kiwandani imeandikwa kwa kamshafti za kiwandani. Ukiweka ndefu zaidi na ukaiacha kompyuta isogeze kama zamani, valvu zitakaa wazi pamoja kuliko ulivyokusudia. Fundi wa kompyuta apunguze kwanza, halafu aongeze kidogo kidogo akiangalia joto la moshi.

Hatua ya pili: vipimo kabla ya kufunga. Springi ikibanwa hadi kimo cha juu cha kamshafti mpya, ibaki na nafasi ya milimita 1 kabla koili hazijagusana. Kati ya valvu na pistoni, bakisha milimita 2 upande wa hewa na 2.5 upande wa eksozi. Weka plastisini juu ya pistoni, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, fungua, kata katikati na upime unene kwa kaliba.

Tapeti za EJ205 na EJ207, matoleo ya EJ20 ya turbo, nyingi ni za kikombe kisicho na shimu, yaani kisahani cha kurekebisha nafasi kati ya kamshafti na valvu. Ukitaka kubadili nafasi unanunua kikombe kingine cha unene tofauti. Kamshafti zilizochongwa upya kutoka zile za zamani zina mduara mdogo wa chini, kwa hiyo zitadai vikombe vinene zaidi. Pima zote 16 kwa fila geji injini ikiwa baridi, andika, ndipo uagize. Tumia kipimo cha aliyetengeneza kamshafti.

Hatua ya tatu: taimingi belti. Hapa wengi wanaharibu injini nzima. Alama ya kranki ni kamstari kadogo kwenye jino la nyuma la sproketi, linaloelekea juu kabisa. Mshale ulio kwenye sproketi hiyohiyo si alama ya belti, uache. Alama zikikaa sawa, pistoni zote ziko katikati ya silinda, hivyo hazitaguswa. Lakini kamshafti za upande wa kushoto, ukiwa umekaa ndani ya gari, zimesukumwa na springi. Ukitoa belti zinaruka, na valvu ya hewa inaweza kugongana na ya eksozi. Zungusha moja kwa wakati, kwa njia iliyo fupi, na usiruhusu zote mbili ziwe zimenyanyua valvu pamoja.

Kitensheni, kinachokaza belti, kiminye kikiwa wima kwenye jiliwa, polepole, dakika tatu au zaidi, kisha choma pini. Ukikibana haraka unaua sili ya ndani. Belti ikishakaa, zungusha kranki mara mbili kwa mkono. Alama za kwenye belti hazitarudi mahali pake, usishtuke. Za kwenye sproketi lazima zirudi.

Hatua ya nne: giaboksi na klachi. Kinachovunja gia ni toki, yaani nguvu ya kuzungusha. Kilowati 220 kwenye mizunguko 5,000 ni Nm 420. Kilowati hizohizo kwenye 6,500 ni Nm 323. Kwa hiyo giaboksi ya gia tano ina uhai mrefu zaidi kwa kamshafti inayopeleka nguvu kwenye mizunguko ya juu na busti inayopanda taratibu, kuliko kwa busti kubwa kwenye mizunguko 3,500. Mzigo ukizidi, shafti zake mbili husukumana mbali, meno yanashikana kwa ncha tu, na ya kwanza hadi ya tatu ndiyo yanayokatika. Kwa toki kubwa, tafuta gia sita ya STI, ile Impreza yenye nguvu kuliko WRX, lakini nunua seti nzima: giaboksi, klachi ya milimita 240 na flaiwili yake, propela fupi, difu ya R180 na draivu shafti za nyuma zinazoingia pande zote mbili, kwenye difu na kwenye gurudumu. Kuna klachi za kuvuta na za kusukuma. Presha pleti, uma na beringi viwe vya aina moja.

Hatua ya tano, ambayo hairukwi: uwiano wa difu. Difu ya mbele iko ndani ya giaboksi. Ya mbele ikiwa 4.444 na ya nyuma 4.111, gari litaburuta likikata kona na kifaa cha katikati kinachogawa nguvu mbele na nyuma kitaungua. Ya nyuma uijue kwa kuweka alama kwenye propela na magurudumu: zungusha magurudumu yote mawili pamoja mara 10, hesabu propela. Mara 44 na kitu ni 4.444, mara 41 na kitu ni 4.111. Baadhi ya giaboksi zina mbele 3.9 na gia ya kati ya 1.1, hizo hutaka nyuma 3.545, si 3.9. Zidisha mwenyewe, utaona zinakutana. Tairi nne nazo zisitofautiane mzingo zaidi ya milimita 6.

Oili ni 75W-90 ya GL-5: lita 3.5 kwa gia tano, 4.1 kwa gia sita, 0.8 kwa difu ya R160 na lita 1 kwa R180. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, chomoa waya za nozeli, toa plagi, piga stata hadi taa ya oili izime. Nundu za kamshafti ziwe zimepakwa grisi ya molibdenamu. Baada ya kilomita 1,000 mwaga oili ya giaboksi na utazame sumaku ya bolti. Unga laini mweusi ni kawaida. Ukikuta vipande vinavyoshikika kwa vidole, usijaze oili mpya. Shusha giaboksi na uifungue.