Nimewaona Queen kwa Macho Yangu

Haya jamani wa nyumbani, Unguja, Pemba, Dar, Mombasa, mpo? Leo nawasimulia Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Tiketi nilikata ya 2020, korona ikaja, onyesho likasogezwa mpaka Juni 2022, hapa London, ukumbi wa O2 unaoingiza watu kama elfu 20. Muda wote huo tiketi nimeitunza kama hati ya shamba.

Mtu wetu mnamjua. Farrokh Bulsara, mtoto wa Mji Mkongwe, kazaliwa Septemba 5, 1946. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Feltham, magharibi mwa London, na kijana huyo ndiye Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen. Alifariki 1991. Basi kuna wanaoniuliza, sasa ulikwenda kumwona nani?

Nilikwenda kumwona Brian May, mpiga gitaa wao! Mzee wa miaka 74, nywele nyeupe zimemjaa kichwani, na gitaa lile lile alilolitengeneza nyumbani na baba yake kuanzia 1963, shingo yake mbao iliyotolewa kwenye meko ya zamani. Na anapigia sarafu, ile peni sita ya Waingereza. Skrini ikauvuta mkono wake karibu kabisa: ukingo wa sarafu unagusa uzi, sauti inakwaruza kidogo, halafu inafunguka ukumbi mzima. Kwenye spika ya simu hamuisikii hiyo, wallahi.

Anayeimba ni Adam Lambert, na nampendea jambo moja, hamwigi Freddie. Anaimba kwa koo lake. Wapo wanaosema bila Freddie hakuna Queen. Mimi sikubali, kwa sababu Brian na Roger Taylor wa dramu wapo tangu 1970, na nyimbo hizo walizitunga pamoja naye. Wana haki ya kuzipiga mpaka wachoke wenyewe.

Ikafika zamu ya wimbo wa Love of My Life. Brian kaja mbele peke yake, kakaa, gitaa kavu mapajani. Sisi ndio tuliokuwa tunaimba, yeye anapiga tu. Mwishoni Freddie akatokea kwenye skrini akamalizia, na Brian akageuka kumtazama rafiki yake. Jamani, nililia. Mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, akanishika bega kuniuliza kama niko salama. Nikamwambia mimi natoka kisiwa alichozaliwa Freddie. Akanikumbatia, naye machozi yakamtoka.

Sasa ninyi mlioko Unguja, pale Shangani, Barabara ya Kenyatta, kuna makumbusho ya Freddie tangu 2019. Watalii wanaingia, sisi tunapita nje kwenda Forodhani. Ingieni, nawaomba, na watoto muwachukue.

Video ijayo nakwenda Feltham, kwenye nyumba waliyokaa akina Bulsara. Pana kibao cha buluu ukutani chenye jina lake, nitawaonyesha.